Urefu wa Mtoto ni Amana



Kila sifa njema ni ya Allah (SWT), na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (SAW), na aali zake na maswahaba zake. Amma baad.

Ndugu wazazi wenzetu, leo tunaandika jambo lililotupata nyumbani kwetu hapa Palma. Tunaliandika kwa sababu tunaamini lipo katika nyumba nyingi, na kwa sababu ndani yake lipo kosa letu wenyewe, baba na mama, ambalo tungependa wengine waliepuke.

Mwenyezi Mungu ametujaalia kijana wa miaka 16. Ni mrefu mno. Akiingia mlangoni huinama, na kanzu tunayomshonea Iddi hii huwa imepanda juu ya vifundo kabla ya Iddi nyingine kufika. Mpira wa kikapu hakuanzia hapa. Aliujulia Pemba, tulikokimbilia baada ya Palma kushambuliwa Machi 2021. Tulikuwa watu kumi na wanne katika vyumba viwili vya jamaa. Shule ilikuwa imekatika, madrasa imekatika, na mtoto usiku akishtuka na kulia. Karibu na pale kulikuwa na uwanja wa saruji wenye pete mbili zisizo na nyavu. Akawa anatoka asubuhi na kurudi karibu na magharibi, amechoka, na usiku analala. Hilo peke yake lilitufanya tuupende mpira huo, ingawa hata kuhesabu pointi zake hatukujua.

Tuliporudi nyumbani mwaka 2023 aligongomea duara la ndoo kwenye shina la mnazi, akaendelea peke yake mchangani, mahali ambapo mpira haudundi.

Mwaka 2024 akatupigia simu mtu tusiyemjua. Alikuwa ameona picha ya kijana wetu. Alisema anayo shule ng'ambo, anayo timu, na kwamba mtoto mrefu namna hii ni utajiri umelala. Alichotaka ni fedha za karatasi za safari, nusu mwanzo na nusu baadaye. Hatukuwa na fedha hizo. Tulikuwa na mashine ya mashua, nayo ndiyo riziki yetu. Usiku tukaanza kuizungumza bei yake kwa sauti ya chini.

Kijana alisikia, akafurahi, akaanza kukunja nguo. Sisi tukaingiwa na hofu, na hofu yetu ikatoka kwa njia mbaya. Baba mtu akasema, "Unataka uwe kama yule Hasheem wa Tanzania? Alichaguliwa wa pili Marekani nzima, kisha wakamrudisha." Mama mtu akacheka. Tulizoea kulisema hivyo jina lile, kwa sababu tulilisikia hivyo kwa watu wanaovuka Ruvuma kwenda na kurudi Mtwara.

Kijana akajibu kwa adabu, lakini jibu lilituchoma: "Baba, unamjua Hasheem, au unayajua maneno ya watu?" Akatoka. Chakula cha usiku hakula.

Bibi yake alikuwa amekaa barazani akasikia yote. Akasema, "Mmemcheka mtu msiyemjua, na mmemvunja mtoto mnayemjua. Suratul Hujurat mmeisoma ya nini?" Hatukuwa na jibu. Katika sura hiyo Mola wetu amekataza watu kuwadharau wenzao, na huenda wanaodharauliwa wakawa bora kuliko wanaodharau. Tuliisoma tangu tukiwa wadogo.

Asubuhi tulimwomba mtoto radhi, tukamwambia: tuhadithie. Naye akatuhadithia, na haya ndiyo tuliyoyapata.

Hasheem Thabeet alizaliwa Dar es Salaam Februari 1987. Ni Muislamu, mtoto wa mwambao huu huu wetu. Mpira wa kikapu aliuanza akiwa na miaka kama 15, umri ambao wenzake wa Marekani wameshaucheza tangu utotoni. Akaenda Marekani kijana, mbali na mama yake, akamalizia sekondari Houston, katika shule ya Kikristo. Mwaka 2006 akaingia Chuo Kikuu cha Connecticut. Urefu wake ni kama mita 2.21, na kazi yake kubwa ilikuwa kusimama chini ya kikapu na kuzuia mitupo ya wapinzani.

Kazi hiyo aliifanya vizuri mno. Mwaka 2008 na tena mwaka 2009 alitajwa mlinzi bora wa ligi ya vyuo ya Big East. Januari 2009, katika mchezo dhidi ya Providence, alifunga pointi 15, akadaka mipira 11 iliyorudi na kuzuia mitupo 10. Mwaka huo chuo chake kikafika timu nne za mwisho za mashindano ya vyuo vya Marekani. Tarehe 25 Juni 2009, siku ya klabu za NBA kuchagua wachezaji wapya, Memphis Grizzlies wakamchagua wa pili. Hakuna Mtanzania aliyewahi kufika huko kabla yake.

Hapo ndipo penye somo. Msimu wake wa kwanza alipata wastani wa pointi 3 hivi kwa mchezo. Februari 2010 klabu ikampeleka kwa muda ligi ndogo ya kukuza wachezaji, katika timu ya Dakota Wizards, na hadi wakati ule hapakuwa na mchezaji aliyechaguliwa juu namna ile aliyewahi kupelekwa huko. Mwaka 2011 akahamishiwa Houston, mwaka 2012 Portland, kisha akacheza Oklahoma City hadi 2014. Waliochaguliwa nyuma yake siku ile, kama James Harden na Stephen Curry, wakawa nyota wakubwa. Watu wakamtwisha yeye lawama, kana kwamba ndiye aliyejipa nafasi ya pili. Aliyeipanga nafasi ile ni klabu. Yeye aliitwa jina lake, akasimama.

Tukamwuliza mtoto: mbona chuoni aliweza? Akachora uwanja mchangani kwa kijiti. Akatueleza kwamba katika NBA mlinzi hawezi kukaa mbele ya kikapu zaidi ya sekunde tatu kama hamkabi mtu kwa karibu. Chuoni sheria hiyo haipo. Mtu aliyejifunza kusimama mahali pamoja akatakiwa kukimbia huku na huku, akiwakabili watu wepesi na wazoefu, naye ana miaka michache tu tangu aushike mpira. Na Memphis walikuwa na Marc Gasol katika nafasi hiyo hiyo, kwa hiyo dakika za kujifunzia uwanjani zilikuwa chache.

Tukasema basi ni kwa sababu alichelewa kuanza. Kijana akacheka, akatutajia Hakeem Olajuwon wa Lagos. Naye alicheza mpira wa mikono na soka kwanza, kikapu akakianza akiwa na miaka kama 15. Chuo Kikuu cha Houston kilimweka mwaka mzima bila kucheza, akijifunza tu. Mwaka 1984 akachaguliwa wa kwanza, na akatwaa ubingwa na Houston Rockets mwaka 1994 na 1995. Februari 1995, mwezi ambao karibu wote ulikuwa Ramadhani, alicheza amefunga, na akachaguliwa mchezaji bora wa mwezi.

Wawili wameanza umri mmoja, wote warefu, wote Waislamu, na kila mmoja akapata fungu lake. Tulinyamaza. Tulikuwa tukitafuta hesabu, na riziki haina hesabu ya namna hiyo. Na huyo tuliyemcheka alicheza zaidi ya michezo 200 katika ligi ngumu kuliko zote, na baada ya hapo hakukaa chini kulia. Alikwenda kucheza Japani, kisha Taiwan. Wangapi kati yetu wanaocheka wameanguka mbele ya dunia nzima, wakaamka kesho yake kwenda mazoezini?

Ndugu zetu, tukakumbuka kisa cha Talut katika Suratul Baqara. Allah alimzidishia elimu na mwili. Elimu imetajwa kwanza. Yule mtu wa simu aliuona mwili peke yake. Na sisi, tuseme kweli, tulipokuwa tukiipigia bei mashine usiku, tulikuwa tukiuona mwili peke yake.

Basi tukamwachia kijana amwulize yule bwana mwenyewe. Shule inaitwaje? Tuongee na mwalimu gani? Mtoto akiumia goti nani atamtibu? Akikosa timu, atamaliza masomo au atarudishwa? Msikiti uko wapi? Yule bwana alijibu swali la kwanza kwa hasira, na mengine hakujibu. Simu yake haikupatikana tena. Mashine ya mashua ipo, alhamdulillah.

Wazazi wenzetu, tunausia mambo matatu.

Kwanza, mtoto mwenye kipawa msimwuze kwa haraka, wala msimfungie ndani. Pwani yetu tumeshaona vijana wasio na shughuli wanavyochukuliwa na maneno ya watu wabaya. Kijana anayerudi amechoka kwa mchezo wa halali, akaoga, akaswali, ni neema.

Pili, bei ya mtoto isipangwe na mgeni. Wakimpandisha juu, kesho watamshusha wao wenyewe, na mahali atakapotua ni nyumbani. Hakikisheni nyumba haina kicheko.

Tatu, tuchunge ndimi zetu juu ya watu tusiowajua. Tulimla nyama Hasheem miaka mingi bila kumjua, naye hajui hata kama tupo. Tunamwomba Allah atusamehe na amlipe kheri.

Kijana wetu sasa anasoma, na likizo huenda Pemba kwa mjomba wake, kwenye uwanja ule ule wa saruji. Huenda atafika mbali, huenda ataishia kufundisha watoto wa mtaa. Asubuhi moja alituuliza, "Na nisipofaulu?" Bibi yake akamjibu kabla yetu: "Utakuta wali umepikwa."

Allah awahifadhi watoto wetu, awarudishe salama waliotawanyika, na atujaalie kuwa wazazi wenye subira. Amin.

Wabillahi tawfiq.