Nilibaiti, Nikashikwa

Wasee, kuna video yangu moja nimeitoa. Ile ya "jifunze frizi kwa dakika moja", ndiyo iliwaleta wengi wenu hapa. Nimeifuta jana usiku. Inboksi imejaa mkiuliza kwa nini, basi wacha niwaelezee. Na kwa vile nusu yenu hamjui hata frizi ni nini, tutaanza mbali kidogo.

Kwanza jina. Brekdansi ni jina la watu wa TV. Ukilitumia mbele ya wenyewe hawatakupiga, lakini watajua wewe ni mgeni. Wao husema brekingi, na hii breki si ya matatu. Mwaka wa 1973 kule Bronx, New York, DJ Kool Herc, kijana aliyezaliwa Jamaica, aligundua kuwa watu kwenye pati walikuwa wanangojea sehemu moja tu ya wimbo: pale waimbaji wananyamaza na ngoma zinabaki peke yake. Kipande hicho ndicho breki. Akatafuta nakala mbili za santuri moja, breki ikiisha huku anaianzisha kule, na kitu cha sekunde chache kikawa cha dakika nzima. Waliokuwa wanaruka katikati kipande hicho kikilia wakaitwa bi-boi na bi-gelo. Hiyo "bi" ni ya breki.

Sasa sakafuni. Unaingia umesimama, unacheza na miguu, unajitambulisha: hiyo ni toproki. Wageni wengi huiruka wakidhani ni ya kupoteza muda, na mimi nilikuwa hivyo, lakini mtu akikuangalia toproki yako ashajua kama unasikia muziki ama unahesabu tu. Ukishuka chini, mikono sakafuni na miguu inakimbia kukuzunguka, hiyo ni futiwaki. Ya kwanza kufundishwa ni hatua sita, miguu inakuzunguka mara moja mpaka unarudi ulipoanzia. Kwa macho ni rahisi. Mimi ilinichukua wiki tatu, juu ya katoni ya friji, na majirani wa chini walikuja kugonga mlango mara mbili.

Pawamuvu ni zile za kukufanya upige kelele: windmili, mgongo na mabega vinabingirika sakafuni huku miguu imepanuka hewani, ama hedispini, kuzunguka kwa kichwa. Hizo siwezi. Tuendelee.

Frizi ndiyo kituo kikubwa cha sentensi. Muziki unapiga pigo zito, wewe unaganda hapo hapo. Ya watoto, na ndivyo inavyoitwa, frizi ya mtoto: kiwiko kimoja unakichimbia ubavuni juu ya nyonga, upande wa kichwa unagusa sakafu, goti linapumzika juu ya kiwiko kile kingine. Uzito uko kwa mikono, si kwa kichwa. Shingo yako bado unaihitaji.

Watu wakisimama duara na mmoja mmoja anaingia katikati, hiyo ni saifa. Hakuna MC wala foleni, unaingia ukisikia ni wakati wako. Na kwenye saifa watu huongea bila mdomo. Ukianguka, mtu anapiga sakafu kwa kiganja: umekreshi. Ukifanya kitu ulichotoa kwa mwingine, wananyoosha mikono miwili mbele na kuipiga pamoja kama mdomo wa mamba. Maana yake umebaiti. Umemng'ata mtu.

Hapo ndipo naingia mimi.

Kuna kijana wa mtaa wetu, miaka kumi na nane, anaosha magari. Jina sitamtaja. Ana frizi yake moja ambayo sijaiona kwa mtu mwingine: anatoka kwa futiwaki, anaganda, halafu mkono mmoja anaupeleka sikioni kama anaongea na simu, na mguu wa juu unatingishika kama mtu amechoshwa na anayempigia. Ukiiona lazima ucheke. Alinifundisha bila kulipwa, Jumamosi nne mfululizo.

Nikaenda nikairekodi. Mimi nikiifanya, sura yangu, sauti yangu, na hakuna mahali nilisema ni ya nani. Ilitazamwa mara laki mbili na kitu. Mwenye duka la viatu akanipigia, akanipa elfu nane niivalie viatu vyake. Mnajua niliacha kampo mwaka wa pili, karo iligoma. Mathe bado huniuliza hii kazi ya simu inalipa nini. Ile elfu nane ililipa nyumba, na nilimtumia risiti ya malipo nikijivunia.

Jumamosi iliyopita nikaingia saifa, nikafanya frizi ya simu. Nikiwa bado kichwa chini nikaona miguu ya watu na mikono ya mamba. Si yake. Yeye alikuwa amesimama tu na ndoo yake ameiweka kando. Walikuwa ni watoto wa kumi na mbili, kumi na tatu, wanaomjua na wanaijua frizi yake.

Olimpiki ya Paris 2024, ile mnayoikumbuka kwa yule Mwaustralia wa kuruka kama kangaruu, majaji walipima vitu vitano, na kimoja kilikuwa ubunifu wako mwenyewe. Raygun alipoteza mapambano yake matatu bila kura hata moja, na mimi nilitengeneza video ya kumcheka. Lakini enyewe, ule mruko ulikuwa wake.

Jumatatu nilienda pale anapooshea magari na elfu nne, nusu. Akaniangalia, akakausha mikono kwa suruali, akazichukua. Sikutarajia azichukue, na nikaona aibu kwa kutotarajia. Akahesabu. Akasema, "Bado nne." Nikamwambia nyumba ilikula. Akasema sawa, mwisho wa mwezi. Kisha akasema nitoe ile video, na Jumamosi nije na kitu changu ama nisiingie katikati.

Basi nimeitoa. Kwa sasa nina toproki ya kondakta anayening'inia mlangoni akiita abiria, na frizi ambayo bado inanimwaga upande wa kushoto. Kifundo cha mkono kimefura, na mathe amenipaka Robb bila kuuliza nafanya nini usiku kwenye katoni. Jumamosi ni keshokutwa.