Jumapili Moja Ramisi, na Binti wa Namba Tisa

Msafiri anayetoka Mombasa kwenda Lunga Lunga huwa haioni Ramisi. Huiona Ukunda kwa sababu ya msongamano wake, huiona Msambweni kwa sababu ya hospitali, kisha husinzia hadi mpakani. Mimi mwenyewe nimepita njia hiyo mara nyingi nikienda kwa shemeji yangu Tanga, na Ramisi kwangu ilikuwa daraja tu juu ya mto, minazi, na kijana mmoja akipunga miwa dirishani mwa gari.

Safari hii niliteremka. Binti yangu wa miaka kumi na minne ndiye aliyenishurutisha. Tangu ajiunge na timu ya wasichana mtaani kwetu Mombasa, nyumbani hakuliki wala hakulaliki. Mwalimu wake mmoja alikuwa amemwambia kwamba kule Ramisi kuna wasichana wanaocheza kabumbu kila Jumapili jioni, na kwamba miongoni mwao kuna mshambuliaji mmoja ambaye mabeki wa kiume humkimbia. Basi akaapa hatapata usingizi mpaka amwone kwa macho yake.

Tulivuka kivuko cha Likoni saa tatu za asubuhi. Barabara mpya ya Dongo Kundu imewapunguzia wenye magari adha ya kungoja, lakini sisi wa kwenda kwa miguu bado ni watu wa feri, na upepo wake hauna malipo. Ng'ambo tulipanda matatu. Tukapita Waa, Tiwi na Ukunda, ambako watalii hukunja kushoto kwenda Diani. Baada ya hapo barabara hutulia. Gazi ikapita na mikoko yake, Gazi ileile ya Mbaruk bin Rashid, Mmazrui aliyewasumbua Waingereza mwaka 1895 na 1896. Kisha Msambweni, na baada ya mwendo mfupi, utingo akapiga bati: "Ramisi! Wa Ramisi washuke!"

Kilipokufa kiwanda

Ramisi ilijengwa na sukari. Kiwanda chake kilianza mwaka 1927, miaka mitano tu baada ya kile cha Miwani karibu na Kisumu, na kwa miongo mingi hii ndiyo iliyokuwa sukari ya Pwani. Watu walitoka kila upande kuja kukata miwa: Wadigo wa papa hapa, Wakamba, Waluo, na Wamakonde waliotoka Msumbiji tangu miaka ya 1930, ambao walifanya kazi hapa na katika mashamba ya mkonge. Mwaka 1988 kiwanda kilifungwa. Aliyekuwa na kwao alirudi kwao, na asiyekuwa na pengine pa kwenda alibaki.

Shamba lile lilikaa takriban miaka ishirini bila kampuni. Watu walilima mihogo na mahindi mahali palipokuwa na miwa. Mwaka 2007 kampuni nyingine ilikodishwa ardhi, na katikati ya miaka ya 2010 miwa ikaanza kusagwa tena katika eneo hili, ingawa pamekuwa na migogoro ya ardhi na misimu ya kupanda na kushuka. Mzee mmoja tuliyemkuta akiuza madafu alitwambia kwa ufupi, "Sukari ya leo si kama ile. Ile ilikuwa na hospitali, na shule, na timu ya mpira."

Nilimuuliza kama timu hiyo ilikuwa na wanawake. Alicheka hata panga likamponyoka.

Uwanjani

Uwanja wenyewe ni kipande cha ardhi nyekundu chenye nyasi pembeni na mchanga katikati. Magoli ni ya miti. Upande mmoja pana mwembe mkubwa ambao ndio jukwaa la watu wakubwa, na upande wa pili wavulana walikuwa wamekalia baiskeli zao wakitia maneno. Ilikuwa yapata saa kumi za jioni, jua limeanza kulegea.

Wasichana walikuja mmoja mmoja. Wengine walivaa jezi juu ya suruali ndefu, wengine walikuwa na mitandio waliyoifunga kisogoni ili isianguke. Wachache walikuwa na njumu. Wengi walicheza pekupeku. Kocha wao ni mwalimu wa shule ya msingi ambaye halipwi chochote kwa kazi hii, na filimbi anayopuliza alijinunulia mwenyewe.

Binti yangu alikuwa amebeba njumu mpya ambazo baba yake alinunua baada ya miezi mitatu ya kuombwa. Alizivaa kwa madaha. Kocha akamwingiza upande wa pili, acheze beki wa kulia. Nikamwona akichezesha viungo kama wanavyofanya wale wa kwenye televisheni.

Kisha namba tisa akapokea mpira.

Sitalitaja jina lake, kwa kuwa bado ni mtoto, na bibi yake ameniomba hivyo. Ni msichana mwembamba, si mrefu, anayetembea kama mtu aliyechoka. Mpira ulimfikia akiwa amelipa goli mgongo. Aliuacha upite katikati ya miguu yake, akageuka nao, na binti yangu na njumu zake akabaki ameukumbatia upepo. Beki wa pili alikuja kwa pupa, naye akapitwa. Kipa alipotoka, namba tisa hakupiga kwa nguvu. Aliusukuma tu mpira pembeni, taratibu, kama mtu anayefunga mlango wa chumba alimolala mtoto.

Wavulana wa baiskeli walinyamaza. Kufikia mapumziko alikuwa amefunga matatu. Binti yangu alikuja pale mwembeni akiwa amevua njumu, amezishika mkononi. "Mama," akaniambia, "mchanga huu unataka miguu mitupu." Kipindi cha pili alicheza pekupeku kama wenzake, na akapitwa vilevile.

Njia ya mshambuliaji

Kwa msomaji wa mjini, msichana hodari katika uwanja wa mchanga ni hadithi tamu ya Jumapili. Swali ni hili: baada ya hapo anakwenda wapi?

Miaka ishirini iliyopita jibu lingekuwa fupi. Leo ipo njia, ingawa ni nyembamba. Esse Akida, mwenye jina ambalo mtu wa Pwani halihitaji kuelezwa, alichezea Thika Queens, akawamo katika kikosi cha Harambee Starlets kilichocheza fainali za Kombe la Afrika kule Kamerun mwaka 2016, mara ya kwanza kwa Kenya. Mwaka 2018 akaenda Israeli kuchezea Ramat HaSharon, na baadaye Besiktas ya Uturuki na PAOK ya Ugiriki. Mwanahalima Adam, mshambuliaji mwingine wa Starlets, naye alipitia Thika Queens. Jentrix Shikangwa aliwafungia Kenya mabao yote mawili katika fainali ya CECAFA dhidi ya Tanzania mwaka 2019, jijini Dar es Salaam, na miaka michache baadaye Watanzania haohao walikuwa wakimshangilia akiwa na jezi ya Simba Queens. Kwa majirani zetu, Aisha Masaka alitoka Yanga Princess akaenda BK Häcken ya Uswidi mwaka 2022, na mwaka 2024 akasajiliwa na Brighton ya Uingereza.

Mwaka huohuo wa 2024 wasichana wa Kenya wasiozidi miaka 17 walicheza Kombe la Dunia katika Jamhuri ya Dominika. Hakuna timu yoyote ya kandanda ya Kenya, ya wanaume au ya wanawake, iliyokuwa imewahi kufika Kombe la Dunia. Walifungwa na Uingereza na Korea Kaskazini, lakini waliwafunga Meksiko 2-1. Na mwaka 2025 dada zao wakubwa wakafuzu tena kwa Kombe la Afrika.

Hata hivyo, tusiwadanganye watoto. Klabu nyingi za ligi yetu ya wanawake hazina mshahara wa kutegemewa. Mchezaji huweza kufunga mabao Jumamosi, na Jumatatu akawa anauza nguo au anasuka watu nywele. Goti likiteguka, gharama ni ya mamake. Tena njia yenyewe haipiti Pwani kwa wepesi: Thika iko bara, Vihiga iko bara, na shule nyingi zinazosifika kwa soka ya wasichana, kama Wiyeta na Butere, ziko magharibi kabisa mwa nchi. Kilifi ina shirika la Moving the Goalposts, ambalo tangu mwaka 2001 limewakutanisha wasichana na mpira na pia na elimu ya maisha. Lakini anayetaka kuishi kwa mabao, siku moja sharti apande basi la usiku.

Na hapo ndipo palipokuwa na jambo siku ile.

Barua

Baada ya mechi kocha alitwambia kuna barua. Shule moja ya sekondari ya bara imemwona namba tisa katika mashindano, na iko tayari kumlipia sehemu kubwa ya karo atakapomaliza Gredi ya 9. Nauli, sare na vinginevyo ni juu ya jamaa yake. Bibi ndiye mlezi, na jibu linatakiwa kabla ya mwisho wa mwezi. "Mama, nawe twende," akaniambia kocha. "Wewe ni mzazi. Huenda akakusikiliza."

Tulimkuta ameketi kwenye mkeka nje ya nyumba ya udongo, akichambua mboga. Ni mama wa Kimakonde, mwenye chale za kale usoni. Tulimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akatukaribisha uji kabla ya kutuuliza tulilolifuata.

Nilianza kueleza habari za Akida na Uturuki. Alinisikiliza kwa adabu, kisha akaniuliza, "Mwanangu, hao walivuka mpaka kwa karatasi gani?"

Nikajibu, kwa pasipoti.

"Na pasipoti hupatikana kwa karatasi gani?"

Kwa kitambulisho.

Akaniambia kwamba baba yake alikata miwa hapa tangu enzi ya Mwingereza. Yeye mwenyewe alizaliwa hapa, akaolewa hapa, akazaa hapa, lakini hakuwa na kitambulisho. Hata laini ya simu aliandikishiwa na jirani. Mtoto wake wa kiume, baba wa namba tisa, alikuwa hodari wa mpira kuliko binti huyu. Kila alipoitwa kwenda kucheza mbali, alirudishwa njiani kwa kukosa karatasi. Mwishowe akauacha mpira, akaenda kuvua.

Msomaji atakumbuka kwamba Oktoba 2016 Wamakonde wa Kwale walifunga safari ya miguu kwenda Nairobi kudai uraia. Vitambulisho vya kwanza vilitolewa Desemba mwaka huo, na Februari 2017 wakatambuliwa kuwa kabila la 43 la Kenya. Bibi huyu hakutembea, kwa kuwa miguu ilikuwa inamuuma, lakini alipika chakula cha waliotembea. Kati ya miezi hiyo miwili, Novemba 2016, ndipo Starlets walipokuwa Kamerun. Binti yeyote wa Kimakonde wa umri wao, angekuwa na miguu ya dhahabu, asingeweza kuwa katika ndege ile.

Alinyanyuka, akaingia ndani, akatoka na mfuko wa plastiki. Ndani mlikuwa na kitambulisho chake na cheti cha kuzaliwa cha mjukuu wake. Hajui kusoma. Alinipa cheti akaniomba nikisome chote, kwa sauti. Nikasoma: jina, tarehe, mahali alipozaliwa, jina la baba, jina la mama. Namba tisa alikuwa amesimama mlangoni na ndoo mkononi, ametulia kama alivyotulia mbele ya kipa.

"Kule bara ni baridi," akasema Bibi.

Kocha akasema ndiyo, ni baridi.

"Na akivunjika mguu, nani atanipigia simu?"

Hakuna aliyekuwa na jibu zuri. Kocha akasema atapiga yeye, na kwamba atakwenda kuiona shule hiyo mwenyewe kabla mtoto hajapelekwa. Nikaona kwamba hilo ndilo alilokuwa akilingoja, kwa sababu habari za Uturuki hazikuwa zimemtingisha hata kidogo. Alikunja mfuko wake. "Basi nenda ukaione," akamwambia kocha. "Ukirudi uniambie wanalala wapi, wanakula nini, na mlango wao una komeo. Kisha nitakupa hii karatasi."

Kurudi

Ukienda Ramisi, usiharakishe kupita. Mto wake humwaga maji katika ghuba ya Funzi, na wenye mashua pale Funzi huwapeleka wageni mtoni kutazama mamba na ndege. Miwa ni ya bei nafuu, madafu ni matamu, na Jumapili jioni mechi haina kiingilio. Ukiwa na njumu zilizowabana watoto wako, usizitupe. Zibebe.

Tulirudi na gari la magharibi. Binti yangu alikaa kimya mpaka Msambweni. Kisha akaniuliza cheti chake cha kuzaliwa kiko wapi. Nikamwambia kiko kabatini, ndani ya bahasha, na sijakitazama miaka mingi. Akaniuliza kama tukifika nyumbani ninaweza kumwonyesha.

Njumu zake hakurudi nazo. Nilipomuuliza, alisema namba tisa ana mguu saizi moja na yeye.