Paa la faiba lilipotoa malengelenge

Doa lilikuwa juu ya kitanda cha mtoto mdogo, kubwa kama sinia, na kila masika lilizidi kutanuka. Mwaka huu likaota ukungu mweusi. Mtoto ana pumu. Akawa anaamka usiku akikohoa, na mama yake, fundi cherehani wa Temeke, akaacha kuamini kwamba ni mafua tu.

Nyumba yao ina paa la zege, lile ambalo watu humwaga wakitumaini kupandisha ghorofa siku moja. Ghorofa haijaja. Nondo zimebaki zimesimama, zimefungwa kamba za kuanikia nguo.

Fundi wa kwanza alikuja Aprili, kijana mchangamfu anayeziba bampa za magari kwa faiba. "Mama, siku mbili tu, maji hayapiti tena." Kweli akamaliza kwa siku mbili. Mvua ilikuwa imenyesha asubuhi, akafuta zege kwa tambara na kuanza kupaka.

Wiki ya pili paa likatoa malengelenge, mengine makubwa kama maandazi. Upande mmoja ulinata kiasi cha kuvua watoto kandambili. Harufu nayo ilishuka ndani, maana mvuke wa rezini ni mzito kuliko hewa. Usiku mmoja mtoto alibanwa kifua, akapelekwa kulala kwa shangazi yake.

Lakini kilichomtoa mama machozi ni chupa. Aliikuta mkononi mwa mtoto kwenye ngazi, chupa ya maji ya kunywa ya nusu lita, ndani mna kitu cheupe kama maji. Ilikuwa dawa ya kugandishia rezini. Bahati kifuniko kilikuwa kimekazwa. Dawa hiyo huunguza koo na tumbo, na tone moja jichoni laweza kupofusha. Ikiingia jichoni, jicho lioshwe papo hapo kwa maji safi yanayotiririka, dakika 15 au zaidi, kisha hospitali. Ikimezwa, mtoto asitapishwe. Akimbizwe hospitali pamoja na chupa yenyewe.

Fundi wa pili ni mzee anayetengeneza boti.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mwanangu. Siku ile mvua ilinyesha?"

Alitoboa lengelenge moja kwa kisu, maji yakatoka. Zege lilikuwa limenyonya maji, akaeleza, na jua likipiga yanageuka mvuke unaoinua faiba. Hapo hakuna kupaka juu. Hukatwa, zege likaushwe, kisha kiraka kipite kingo za tundu kwa angalau sentimita 5.

Kwenye sehemu inayonata alifuta kwa asetoni, akabonyeza kwa ukucha. Pengine chini palikuwa pagumu. Hapo tabaka la mwisho lilikosa nta, maana rezini isiyo na nta hubaki ikinata inapoguswa na hewa. Husafishwa na kupakwa tabaka lenye nta. Karibu na nondo ukucha ulizama. Huko dawa ilikuwa kidogo au haikukorogwa vizuri, kwa hiyo yote ingekwanguliwa. Kijana alikuwa akimimina kwa macho. Mzee hupima, kwa kawaida gramu 10 hadi 20 kwa kilo ya rezini kulingana na joto na maelekezo ya kopo, kwani ikizidi, rezini hugandia ndooni na paa huja kupasuka.

Kisha akakataa kuanza kazi. Mama alikasirika kidogo, na nani asingekasirika? Mzee alibandika nailoni juu ya zege, akaziba kingo kwa utepe, akaiacha siku nzima na usiku wake. Asubuhi matone yalikuwa yamejaa chini yake. Walingoja hadi Julai, nailoni ilipotoka kavu.

Safari hii watoto walipelekwa kwa bibi yao kabla kopo halijafunguliwa, wakarudi harufu ilipokwisha kabisa. Vumbi la kusaga faiba huwasha ngozi na kukera mapafu, kwa hiyo mzee alivaa barakoa na miwani, na nguo zake hazikuchanganywa na za nyumbani. Dawa ilibaki kwenye chupa yake yenye maandishi, ndani ya sanduku lenye kufuli.

Ukungu umesuguliwa, doa limekauka. Mama bado hajalipaka rangi. Anasubiri vuli.