Hewa ya Kukaa, Hewa ya Kupita

Chukua ramani ya ujenzi hapa Kenya, utazame juu ya madirisha. Mara nyingi utaona herufi mbili ndogo: PV. Hilo ni tundu la hewa la kudumu, lisilo na kioo wala komeo, ambalo hakuna mtu anayefaa kulifunga. Halafu njoo Gilgil mwezi wa saba uhesabu ni mangapi yako wazi. Utapata gazeti, gunia, sweta ya mtoto iliyoisha kazi. Mji uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari na upepo wa Bonde la Ufa hauna adabu. Nani atalala na tundu wazi juu ya kichwa chake?

Shangazi yangu aliziba la kwake. Usiku mmoja aliingiza jiko la makaa ndani, akafunga mlango, akalala. Asubuhi jirani aligonga akitaka kiberiti, na ndipo akamkuta hajitambui. Alipona, ila kichwa kilimsumbua wiki nzima. Makaa yakiwaka pasipo hewa ya kutosha hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu wala rangi, na damu huikumbatia kwa nguvu kuliko oksijeni. Mwenye ploti alisema ni uzembe. Mimi naona chumba kile kilimpa shangazi mambo mawili tu achague: baridi au sumu.

Tangu hapo nimekuwa mtu wa kutazama kuta. Tukiongea majengo tunataja mawe, simiti, vioo. Hewa tunaiona kama nafasi iliyobaki. Kumbe nayo ni kitu cha kujengea, na ina tabia mbili. Ikitulia, inazuia joto lisitoroke. Ikitembea, inabeba: joto, moshi, kikohozi cha mtu wa nyuma.

Hewa iliyotulia tunayo ya kumwaga pale Kariandusi, ukielekea Nakuru. Wengi wanapajua kwa shoka za mawe alizochimbua Louis Leakey, zenye umri wa karibu miaka milioni moja. Mimi huvutwa zaidi na mgodi mweupe ulio pembeni, wa diatomaiti. Hapo zamani palikuwa na ziwa, na ndani yake mwani wa seli moja, kila mmoja na gamba lake la silika lililojaa vitundu. Mwani ulikufa, maganda yakatua chini, ziwa likajiondokea. Leo ukiokota bonge lake mkono unashtuka, kwa sababu ulijiandaa kubeba jiwe na umebeba kitu ambacho sehemu kubwa ni hewa. Bonge kavu huelea majini kabla ya kulowa. (Mawe ya aina hii ndiyo Alfred Nobel aliyasaga, akayanywesha nitrogliserini, akapata baruti yake ya mwaka 1867.) Viwandani huchuja bia, na kwenye matanuri huzuia joto lisipotee. Yaani tuna kilima kizima cha hewa iliyotulia, na kilomita chache kutoka hapo watoto wanatetemeka chini ya mabati matupu. Si ati tujenge madarasa kwa diatomaiti. Ni laini, na vumbi lake ni baya kwa mapafu. Lakini somo liko hapo hapo kando ya barabara.

Hewa inayotembea imejengewa vizuri mbali kidogo, Turkana. Kampasi ya Startup Lions, iliyochorwa na Francis Kéré na kukamilika 2021, ina minara mirefu kama vichuguu vya mchwa. Hewa ya moto hupanda humo ikatoka juu, na ya chini, iliyo baridi zaidi, huvutwa ndani kupitia matundu ya chini. Watu hupiga picha minara, lakini kazi inafanywa na hewa.

Kuinakili Gilgil ingekuwa upuuzi. Kule adui ni joto. Huku tunataka zote mbili kwa pamoja: dari ya mbao inayofungia hewa kati yake na mabati, na tundu lililowekwa juu kabisa, karibu na kilele cha paa, ambako hewa iliyotumika hufika yenyewe, badala ya lile linalompulizia mtu kisogoni. Watoto sitini wakifungiwa darasani na mmoja wao ana kifua kikuu, vijidudu hubaki vikielea kwa saa nyingi. Hilo halihitaji tuzo ya usanifu. Linahitaji mbao za dari na fundi wa kupanda ngazi.

Majuzi nilimuuliza fundi mmoja anayejenga madarasa huku kwetu kwa nini PV zake bado ziko pale pale, usawa wa kichwa cha mwanafunzi aliyesimama juu ya dawati. Akaniangalia kama mtu aliyepotea njia.

"Ndiyo wafikie wakitaka kuziba, bana."