Vespa kichochoroni: mwenda pole naye hujikwaa

Asubuhi na mapema, kabla maduka ya Darajani hayajafunguliwa, vespa huanza kutoka katika vichochoro vya Mji Mkongwe wa Zanzibar. Baba ameshika usukani, mtoto wa skuli amesimama mbele yake, na mama amekaa nyuma kwa upande, mkoba mapajani. Ni picha iliyozoeleka Unguja kwa miaka mingi. Chombo hiki cha Kitaliana, kilichoanza kutengenezwa mwaka 1946, kilikuta hapa mitaa ambayo gari haipiti.

Wahenga walisema mwenda pole hajikwai, lakini kwa vespa mambo ni tofauti kidogo. Barabarani, mwendo ndio unaoisimamisha. Kichochoroni, mwendo ukipungua hadi kuwa sawa na wa mtu anayetembea, uzito wote humrudia dereva. Vespa ya gia aina ya PX ina zaidi ya kilo 100 kabla hajapanda mtu. Injini yake imefungwa upande wa kulia wa gurudumu la nyuma, kwa hiyo uzito hauko sawa pande zote. Magurudumu nayo ni madogo, na shimo ambalo baiskeli inalipita huweza kuyatikisa.

Ukiingia Mkunazini kuelekea Soko Muhogo utayaona yote hayo. Kulia ukuta wa mawe, kushoto baraza yenye wazee na vikombe vya kahawa, mbele hamali anasukuma rikwama. Dereva asiyezoea huliangalia gurudumu la mbele, hukata kona, kisha hushtuka na kubana breki ya mkononi usukani ukiwa bado umepinda. Vespa hulala hapo hapo.

Mtoto aliyesimama mbele ndiye anayeumia kwanza. Hana kofia ngumu, na kinga yake ni mikono ya baba tu, ambayo wakati huo ina kazi nyingine. Tena naye ameushika usukani. Akiogopa, huuvuta.

Mzoefu huifika kona akiwa tayari katika gia namba moja. Hupiga honi fupi, huachia klachi nusu, hutia mafuta kidogo bila kubadilisha, na mguu wa kulia hukanyaga taratibu breki ya nyuma. Macho huyapeleka kule anakotaka kutokea. Breki ya mbele huiacha mpaka usukani unyooke. Akimkuta mama mjamzito au watoto wa chuoni, husimama, huzima injini, hushuka upande wa kushoto na kuisukuma, vespa ikimwegemea kidogo kwenye nyonga.

Nje ya mji hali haiishi. Kwenye barabara ya kusini inayopita Jozani kuna matuta yaliyowekwa ili kuwanusuru kima punju, na kila tuta hurudisha mwendo ule ule wa pole. Ukifika Paje au Jambiani, njia za ndani ni za mchanga. Gurudumu la mbele huzama, na wageni waliokodi vespa asubuhi hiyo huangukia hapo, wengi wakiwa hawajafika hata mwendo wa baiskeli.

Anayejifunza atafute kiwanja kitupu, aweke madumu mawili ya maji, ayazunguke mara kwa mara bila kuweka mguu chini, kwanza akiwa peke yake. Abiria apandishwe baada ya hapo.

Familia nyingine zina desturi nzuri zaidi. Kabla ya kona nyembamba, mama na mtoto hushuka, hushikana mikono na kutembea hatua chache. Baba huipitisha vespa peke yake na kuwasubiri penye upana. Wazee wa barazani huitikia salamu, mtoto hupanda tena, na skuli bado hawajachelewa.