Gari Kuukuu na Filta ya Oili

Katika gazeti letu wenzangu wamekwisha andika habari za mpira, za bustani ya shule na za safari. Mimi nimeona niandike habari za kitu kidogo, kisichozidi kopo la maziwa kwa ukubwa, ambacho wazazi wengi wa Bariadi wenye magari hukinunua mara kwa mara bila kukitazama. Kitu hicho ni filta ya oili, yaani chujio la mafuta ya injini. Habari zake nimejifunza kwa mjomba wangu, ambaye ni fundi wa magari hapa mjini, na ambaye humsaidia kazi kila shule inapofungwa.

Kwanza yatupasa kujua kazi ya filta. Ndani ya injini vyuma huzunguka maelfu ya mara kwa dakika moja, na oili hukaa katikati yake visigusane. Pampu huivuta oili kutoka chini ya injini, huisukuma ipite katika filta, ndipo iende kwenye kranki na beringi zake. Njiani oili huokota masizi, vumbi na unga wa chuma, na filta huuzuia uchafu huo. Motokaa nyingi za zamani zilikwenda bila chujio la maana. Mwaka 1923, huko Marekani, Ernest Sweetland na George Greenhalgh walibuni chujio walilolipa jina la Purolator, na baadaye vyombo vya namna hiyo vikaenea duniani kote.

Huku kwetu wapo watu wengi wasemao kwamba gari likizeeka halina haja ya filta nzuri. Siku moja alikuja mzee mmoja wa upande wa Dutwa na pikapu yake. Baada ya kuamkiana alisema, "Fundi, gari hili ni kuukuu kama mimi. Nifungie filta yoyote ya bei ndogo."

Mjomba akamjibu kwa heshima, "Mzee wangu, nyumbani hukupikia uji laini kwa kuwa meno yamepungua. Hawakupi mahindi makavu eti kwa sababu umezeeka. Na gari ni hivyo hivyo."

Mzee alicheka sana, lakini maneno yale yalikuwa ya kweli. Katika injini iliyokwisha fanya kazi miaka mingi, ringi za pistoni zimelika, kwa hiyo moshi hupenya kwenye oili na kuifanya nyeusi upesi. Beringi nazo huacha unga wa chuma. Tena nafasi kati ya vyuma zimepanuka, na nguvu ya oili imekwisha pungua. Juu ya hayo liko vumbi. Barabara kuu itokayo Lamadi kupita Bariadi hadi Maswa ina lami, lakini pamba haivunwi kwenye lami. Tangu mwezi wa Mei magari hutoka mashambani kwa njia za udongo, na chujio la hewa likiwa bovu, vumbi huingia katika injini na mwisho wake huwa ndani ya oili. Basi, gari kuukuu ndilo hasa litakalo filta njema.

Je, filta njema utaijuaje? Mjomba ana filta mbili alizozikata kwa msumeno wa chuma, naye huwaonyesha wateja. Kwa nje zote mbili zina rangi ileile na maandishi yaleyale. Kwa ndani, moja ina karatasi yenye mikunjo mingi iliyopangwa sawasawa na kushikwa imara ncha zote mbili. Ya pili ina mikunjo michache, tena karatasi imebanduka pembeni, hata oili hupita bila kuchujwa. Unywele wa mtu una unene wa kama mikroni 70, na mikroni moja ni sehemu ya 1,000 ya milimita. Chujio zuri la kawaida hunasa sehemu kubwa ya chembe za mikroni 20 hadi 30, ambazo jicho haliwezi kuziona. Kwa hiyo rangi ya kopo haitoshi kuwa ushahidi.

Dukani huwezi kuikata filta, lakini yako mambo unayoweza kuyapima. La kwanza ni namba. Soma kitabu cha gari, au namba iliyo juu ya filta ya asili. Kwa mfano, namba za filta nyingi za Toyota huanza na 90915, kisha hufuata tarakimu au herufi nyingine, na hizo za mwisho ndizo zinazotenga aina moja na nyingine. Namba ina maana kwa sababu ndani ya filta nyingi mna vali ya dharura, ambayo hufunguka karatasi inapoziba ili injini isikose oili. Nguvu ya kuifungua hutofautiana, wala huwezi kuijua kwa macho.

La pili ni mpira wa ndani. Ukichungulia katika matundu madogo yaliyozunguka tundu la kati, katika filta nyingi utaona mpira unaozuia oili isirudi chini gari likizimwa. Uguse kwa kitu kisicho na ncha. Uwe laini na urudi mahali pake. Ukiwa mgumu, asubuhi utasikia injini ikigonga, na taa nyekundu ya oili itakawia kuzimika.

La tatu ni nyuzi za kukazia, na hapa nina kisa. Mwaka mmoja, wakati wa mavuno, gari moja lililetwa kwa mjomba likivutwa na trekta. Lilikuwa limefungwa filta mahali pengine. Bolti ya injini ile ilikuwa ya robo tatu ya inchi, yaani milimita 19.05, na filta ilikuwa ya milimita 20. Tofauti ni milimita 0.95 tu. Filta iliingia, ikaonekana imekaza, kumbe nyuzi ziligusana kidogo sana. Njiani ikachomoka, oili yote ikamwagika, na injini ikakwama pamba ikiwa bado shambani. Mwenye gari aliuza ng'ombe 2 ili aitengeneze. Ng'ombe hao walikuwa wamekusudiwa godoro, sare na nauli ya binti yake aliyekuwa akienda kuanza kidato cha tano. Binti huyo alichelewa kuripoti shuleni. Tangu siku ile sijathubutu kusema kwamba desimali ni kitu cha darasani tu.

Watu huuliza habari ya bei. Filta njema huipita ile mbovu kwa shilingi elfu chache, lakini kuchonga kranki na kununua beringi mpya hugharimu mamia ya maelfu. Wapo pia wanaoosha filta ya zamani kwa petroli na kuirudisha. Hiyo si akiba, maana karatasi huharibika na uchafu hubaki katika mikunjo. Tena nunua kwa mtu atoaye risiti. Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963 inakataza bidhaa za kughushi, na bila risiti mnunuzi hana la kuonyesha akidanganywa.

Filta ikipatikana, ifungwe vyema. Hakikisha mpira wa filta ya zamani haukubaki kwenye injini, kwani mipira miwili itavuja. Paka oili kwenye mpira mpya, zungusha kwa mkono hata uguse, kisha ongeza kama robo tatu ya mzunguko. Washa injini, tazama taa izimike, chungulia chini kama kuna uvujaji, halafu zima na upime oili kwa kijiti chake. Katika vumbi kama letu, kubadili oili na filta kila kilomita 5,000 ni desturi njema.

Wenzangu, wengi wetu tumeletwa shuleni kwa nguvu ya gari kuukuu la baba, la mjomba au la jirani. Likizo ijayo, kabla filta mpya haijafungwa, iombe uishike mkononi. Soma namba, gusa mpira, ilinganishe na ya zamani. Ni kazi ya dakika 5, na hakuna mzazi atakayekukataza.