Besi, paka na kasha la chini ya dirisha

Mji Mkongwe wa Zanzibar haupitiki kwa haraka. Vichochoro vimebanana kiasi kwamba ukikutana na mtu mwenye baiskeli, mmoja wenu lazima apande barazani. Na kabla ya kupanda, angalia unapoweka mguu, maana huenda paka amelala hapo tangu asubuhi.

Paka wa mji huu hawahesabiki. Bandari huleta majahazi, majahazi huleta panya, na penye panya paka haalikwi. Siku hizi wengi wao wanaishi kwa vichwa vya samaki vya sokoni, na jioni hushuka Forodhani kungoja makombo ya walaji. Wachache tu wana mwenyewe. Waliobaki ni wa mtaa mzima.

Nyuma kidogo ya Jaws Corner, pale wazee wanapokunywa kahawa na kupiga dhumna, kuna baraza moja ambayo paka wake ana mwenyewe. Baada ya sala ya alasiri hukutana hapo wapiga besi watatu. Hawakutani kupiga muziki, wanakutana kuzungumza. Aghalabu mazungumzo huanza na magitaa yao na kuishia kwa paka.

Mkubwa wao huitwa Maalim, na amepita miaka 70. Alianza na besi kubwa ya kusimama, ile inayomzidi mpigaji kimo. Katika taarab ya asili besi hiyo ndiyo inayoushikilia wimbo kwa chini, huku fidla, udi, kanuni na kodiani zikipanda na kushuka juu yake. Mji huu una historia ndefu ya mambo hayo. Kikundi cha Ikhwani Safaa kilianzishwa 1905, na Culture Musical Club kikafuata 1958.

Kuipitisha besi ile vichochoroni ilikuwa kazi ya watu wawili na dua. Ndiyo maana Maalim hakuchelewa kulipenda gitaa la besi la umeme, ambalo Leo Fender wa California alilitoa 1951. Lina nyuzi nne, linabebeka mgongoni, na likichomekwa kwenye spika ukumbi mzima unalisikia. La kwake alilinunua kwa mkono wa pili miaka mingi iliyopita, na rangi imekwisha pale mkono wake unapoegemea.

Wa pili ni mtu wa makamo anayepiga katika mahoteli ya pwani. Wa tatu ni kijana wa miaka ishirini na kitu, aliyepata msingi wake katika Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi, DCMA, kilichoanzishwa hapa mjini 2002. Kijana humwita wa makamo Ami. Wote wawili mzee wanamwita Maalim.

Siku moja hadithi ilikuwa ya nyuzi. Upepo wa bahari huleta chumvi, chumvi huleta kutu, na seti mpya ya nyuzi za besi ni ghali. Kwa hiyo wapigaji hutumia ufundi wa zamani: huzivua nyuzi, huzichemsha kwenye maji kwa dakika kama kumi, huzifuta na kuzikausha vizuri kabla ya kuzirudisha. Mafuta ya vidole na uchafu ulioganda katikati ya misokoto hutoka, na sauti iliyokuwa imefifia hung'aa tena kwa siku kadhaa.

"Mimi nimekatazwa," alisema Ami. "Mke wangu kaniambia sufuria lile la wali. Nikichemsha tena nyuzi mle, nitakula nyuzi."

Walicheka, na muuza kahawa naye akacheka. Kibibi hakushtuka.

Kibibi ni paka wa Maalim, wa kijivu, ana miaka 16. Kwa hesabu ya madaktari wa mifugo, paka wa umri huo ni sawa na mtu aliyeshapita miaka 70, kwa hiyo yeye na bwana wake wanalingana. Meno yamempungua, hivyo hupewa samaki wa kuchemsha asiye na chumvi, aliyetolewa miba na kupondwa. Anakunywa maji mengi kuliko zamani. Daktari alishamwambia Maalim kuwa kwa paka mzee hiyo huweza kuwa dalili ya figo kuchoka, na kwamba bakuli la maji lisikauke. Manyoya ya mgongoni hayafikii tena kwa ulimi, basi Maalim humchana kwa kitana kila asubuhi.

Na masikio yamekwenda. Pikipiki ikipiga honi kichochoroni, paka wote wa mtaa huruka isipokuwa yeye. Lakini Maalim akichomeka besi na kugusa uzi mnene, Kibibi hufungua macho, hujikongoja hadi kwenye spika na kulala ameibana ubavuni.

Sababu si miujiza. Uzi mnene wa besi hutikisika kama mara 41 kwa sekunde, na sauti ya chini namna hiyo huingia kwa mifupa na sakafu kama inavyoingia kwa sikio. Hata ule mngurumo wa kifuani paka anapostarehe hutikisika mara 25 hadi 50 hivi kwa sekunde. Huenda kwa Kibibi besi ni kama paka mwenzake mkubwa.

Siku hiyo Maalim alingoja kicheko kitulie, kisha akasema, "Gitaa nimelipatia mteja. Ijumaa atakuja kulichukua."

Hakuna aliyejibu. Maalim alinyoosha mkono wa kushoto wakauona. Vifundo vya vidole vimevimba, na kidole kidogo hakinyooki. "Nafasi zile za juu shingoni sizifikii tena. Nikilazimisha, usiku silali. Mpiga besi asiyefika si mpiga besi."

Kijana alisema kwa sauti ndogo, "Maalim, chukua langu."

Lake ni gitaa fupi. Kwenye besi ya kawaida, uzi unaopigwa una urefu wa inchi 34. Kwenye fupi ni 30. Inchi nne si nyingi kwa kuzisikia, lakini vidole havitanuki sana, na nyuzi huwa legevu kidogo kwa hiyo hazitaki kukandamizwa kwa nguvu.

Maalim alitikisa kichwa. "Hilo la kujifunzia, mwanangu. Nimeanza na besi ya kusimama, nimalizie na ya watoto?"

Ami aliweka chini kikombe chake. Kichwa alikielekeza kwenye dirisha la nyumba ya Maalim. Chini yake kuna kasha la soda limepinduliwa na kufunikwa kipande cha mkeka. Miaka yote Kibibi alikuwa akiruka kutoka barazani hadi dirishani kwa mruko mmoja. Mwaka jana alijaribu, akakosa, akaanguka mbele ya watu. Kesho yake kasha likawekwa.

"Maalim," alisema Ami, "ulipomwekea Kibibi kasha lile, ulisema si paka tena?"

Mzee alilitazama kasha. Alimtazama na Kibibi, aliyekuwa amejikunja juu ya kandambili zake. Muuza kahawa aligonga vikombe, akapita.

"Lete hilo gitaa lako nilione," alisema mwishowe. "Kuliona tu."

Kijana alikwenda na kurudi mbio. Maalim alilipakata, akalipima shingo kwa kiganja, akanung'unika kuwa jepesi mno. Kisha akashuka taratibu katika mwendo wa wimbo wa zamani, noti moja moja, na kidole kile kisichonyooka kikafika. Alirudia pale pale mara tatu, kama anayehakikisha mlango umefunguka kweli.

Kibibi aliinuka, akaenda kulala kwenye spika.

Ijumaa mteja alipokuja hakulikuta gitaa. Liko kwa kijana, ambaye naye alikuwa akilitamani la inchi 34 siku nyingi, na masharti ni kuwa halitauzwa. Lile fupi limetundikwa ukutani kwa Maalim, kimo cha mkono wake, asije akalazimika kulifikia kwa kunyoosha bega.

Ukipita nyuma ya Jaws Corner alasiri ukasikia sauti nzito, usiikimbilie. Tazama chini kwanza. Kuna paka mzee anapanda kasha, na hana haraka.